Je, Jirani Yako Akufundisha Nini?



Leo sikuletei habari za nchi za mbali. Nataka tuzungumze juu ya watu unaokutana nao kila siku bombani, sokoni, kwenye mashine ya kusaga na msibani. Watu ambao Dominika asubuhi hawashiki njia moja nawe. Mimi nakaa Kihonda, kando ya barabara iendayo Dodoma, mahali ambapo ukiinua macho waona milima ya Uluguru imejifunika ukungu. Wakazi wa hapa tumetoka pande nyingi. Wako Waluguru walioshuka mlimani, na wako watu wa makabila mengine waliofuata kazi za viwanda, biashara na masomo. Ukuta wa nyumba yangu wapakana na ua wa Mwislamu. Mbele yangu akaa Msabato. Nyuma wako Walutheri, na hatua chache zaidi kuna ndugu Wapentekoste ambao usiku wa mkesha hawatuachi kulala.

Jioni moja, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja aliniuliza hivi: "Mwalimu, jirani yangu ni Mwislamu. Kila alfajiri nasikia ndoo yake ikilia anapotawadha. Moyo wangu wavutwa sana. Je, ni dhambi kumsifu mtu wa dini nyingine kwa sala yake? Naogopa nisije nikapotea."

Swali hili ni jema, tena si lake peke yake. Wengi wanalo moyoni ila hawalitamki. Kwa hiyo nalijibu hapa, mbele yenu wote, kwa maneno machache kwanza: Mama, si dhambi. Hatari si kumsifu jirani anayesali. Hatari ni kumsifu halafu wewe ukarudi kulala.

Sasa tulitazame jambo lenyewe polepole.

Kwanza yafaa ujue kwamba hata maneno unayosalia umeyapokea kwa wengine. Chukua sala zako za kila siku uzichambue kama mtu achambuavyo mchele. Neno Mungu ni la kwetu Wabantu, la kale kuliko misheni zote. Mababu wa Uluguru walimwita Mulungu kabla padre yeyote hajapanda mlima huu. Bali maneno sala, neema, rehema, dhambi, toba, malaika, sadaka, imani na baraka yametoka katika Kiarabu, na sisi tumeyapokea kwa Waswahili wa pwani, ambao ni Waislamu. Hata msalaba na kanisa ni maneno ya Kiarabu, maana Wakristo wanaosema Kiarabu wamekuwako tangu zamani sana. Neno padre lilikuja na Wareno. Basi, ukipiga magoti ukasema sala moja fupi tu, umekwisha kula katika sahani ya mababu, ya Waarabu na ya Wareno.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, na baadaye kupanda bara hadi huku kwetu Morogoro, hawakuja na Kiswahili mfukoni. Walijifunza kwa watu. Mmoja wao, Padre Charles Sacleux, alikaa pwani na Unguja miaka mingi akiuliza na kuandika, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikatolewa Paris kuanzia mwaka 1939. Waliomfundisha maneno wengi walikuwa Waislamu. Padre yule hakuona aibu kukaa kama mwanafunzi mbele ya mtu asiyepokea Komunyo. Nasi tusione aibu.

Pili, Kanisa lenyewe limetufundisha. Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili ulitoa tamko juu ya dini zisizo za Kikristo. Humo Kanisa linasema kwamba halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo, na papo hapo lasema kwamba halina budi kumhubiri Kristo daima. Angalia vizuri, ndugu yangu: ni mambo mawili, nayo hayapigani. Mtu mwenye nyumba imara hufungua dirisha bila hofu. Mwenye nyumba ya kuegeshwa kwa miti ndiye anayeogopa kila upepo.

Wala tamko hilo halikuwa jambo geni. Mwaka 1219, wakati wa vita vikali huko Misri, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alivuka akaingia kwa Sultani al-Kamil bila silaha. Alikwenda kumshuhudia Kristo, na Sultani akampokea kwa heshima, akamrudisha salama. Miaka 800 baadaye, Februari 2019, marehemu Papa Fransisko alikutana huko Abu Dhabi na Sheikh Ahmed el-Tayeb wa al-Azhar, wakatia sahihi hati juu ya udugu wa wanadamu. Papa hakuwa Mwislamu kwa ajili hiyo, na Sheikh hakubatizwa. Kila mmoja alirudi kwenye sala zake.

Basi, turudi uani kwetu tuone majirani watufundisha nini.

Nianze na saumu. Mwaka 2025 mfungo wao na wetu uliandamana. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, na Waislamu walikuwa wameanza Ramadhani siku chache tu kabla. Haiwi hivyo kila mwaka, maana wao wafuata mwezi mwandamo, na mwaka wao ni mfupi kuliko wetu kwa siku kama 11. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka katika majira yote, ya mvua na ya jua. Mwaka ule, msomaji, nilitazama kwa makini. Kijana wa jirani, mbeba mizigo, alibeba magunia tangu asubuhi bila tone la maji mpaka jua likazama. Jioni mama yake akaleta bakuli la uji na tende kwetu, kwa kuwa kwao si vema kufuturu peke yako huku jirani ana njaa.

Nasi je? Kanisa linatuamuru kufunga chakula siku mbili tu katika mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tena kwa wenye umri wa tangu miaka 18 mpaka kuanza mwaka wa 60. Siku hizo tunaruhusiwa mlo mmoja kamili na vijilo viwili vidogo. Na bado utasikia mtu mzima mwenye afya akisema, "Mimi kufunga siwezi, nina vidonda vya tumbo," naye vidonda hivyo hajawahi kuvisikia siku ya harusi! Kwaresima ina siku 40. Hakuna aliyetukataza kuongeza. Kijana yule mbeba mizigo hakuniambia neno hata moja juu ya dini, lakini alinihubiria Kwaresima nzima.

Kuna na zaka. Mwislamu mwenye mali iliyofikia kiasi kinachotakiwa, nayo imekaa mwaka mzima, hutoa sehemu mbili na nusu katika kila mia kwa ajili ya maskini na wengine wenye haki. Haitoi kwa kuwa amejisikia vizuri siku ile. Yeye huona ni haki ya maskini iliyolala ndani ya sanduku lake. Sasa fikiri juu ya bahasha zetu za zaka na jinsi tunavyozikunja ili asionekane ndani. Nani amewahi kuhesabu mavuno yake kwanza, akatenga sehemu ya Mungu na ya maskini kabla hajauza debe la kwanza?

Na sala tano! Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Labda utasema: sisi hatuna sharti hilo. Kweli. Lakini tunayo sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, mchana na jioni, na wazazi wetu walisimama shambani na jembe mkononi waliposikia kengele ya misheni. Siku hizi kengele yalia, sisi twaongeza sauti ya redio. Mama yule aliyeniuliza, nilimwambia hivi: "Usiache kusikiliza ndoo ya jirani. Ikilia, ujue ni kengele yako nawe. Amka, fanya ishara ya msalaba, sali Malaika wa Bwana, kisha mwombee yeye." Tangu siku ile ameniambia kwamba hajalala tena baada ya ndoo kulia.

Nitazame mbele, kwa Msabato. Wengi hucheka kwamba yeye hafungui duka lake Jumamosi, siku ambayo wateja ni wengi. Lakini mwangalie Ijumaa. Watoto wachota maji, mama apika vyakula vya kesho, nguo zafuliwa na kupigwa pasi, wadeni walipwa, na jua likizama nyumba ile yatulia kama mtu aliyetua mzigo. Huiita siku ya maandalio. Sisi Dominika yetu ni siku ya Ufufuko wa Bwana, kubwa kuliko zote. Nayo tunaiandaa vipi? Jumamosi usiku twafunga biashara saa sita, asubuhi twatafuta kiatu cha mtoto chini ya kitanda, twafika kanisani somo la pili likisomwa, na baada ya Misa twakimbilia shambani au gulioni. Sisemi tuhamie Jumamosi. Nasema Jumamosi yetu ijifunze kwa Ijumaa yake.

Niende mjini kidogo. Fundi cherehani mmoja, Mkristo mwenzetu, alinisimulia kwamba ujanani aliajiriwa na mfanyabiashara Mhindu. Kila asubuhi, kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, tajiri yule alinawa, akawasha ubani, akasimama kimya mbele ya picha zake, ndipo akafungua daftari la hesabu. Mteja akiita, alingojeshwa. Fundi alisema, "Mimi sikuabudu picha zile, wala hakunitaka niabudu. Lakini niliona haya. Yeye alianza kazi kwa sala, na mimi nilianza kwa kuuliza mshahara watoka lini." Tangu hapo fundi huyu haketi kwenye cherehani kabla hajamtolea Mungu kazi, furaha na taabu za siku hiyo. Sala ya namna hiyo sisi tunayo tangu zamani. Ilikuwa imewekwa kabatini, na ubani wa Mhindu ndio uliomwonyesha mlango wa kabati.

Umeona sasa ninakokwenda, msomaji? Taa ya jirani, ikiwashwa karibu na dirisha lako, haikuhamishi nyumbani mwako. Yakuonyesha tu vumbi lililo sakafuni mwako, na pengine yakuonyesha na shilingi uliyoidondosha siku nyingi.

Sasa nifike kwa wazee wetu wenyewe, Waluguru wa kale, maana wako wanaofikiri kwamba kwa wazungu, Waarabu na Wahindi kuna hekima, isipokuwa kwa babu yao mwenyewe. Hapa lazima tuseme wazi. Kupiga ramli, kutafuta mchawi, kuvaa hirizi, kuogopa mizimu kuliko kumwogopa Mungu, hayo Kanisa limeyakataza, nami nayakataza. Yamevunja nyumba nyingi. Lakini mabibi zetu walitufundisha jambo jingine: kwamba hakuna tambiko linalofaa huku ndugu hawasemezani. Mwenye kinyongo alitakiwa akiseme mbele ya wote, akiteme, ndipo ukoo uombe. Je, Bwana wetu hakutuambia neno la namna hiyo, kwamba ukileta sadaka yako ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache, uende kupatana naye kwanza? Mabibi hawa hawakuisoma Injili ya Mathayo, lakini walikuwa wamekwisha kufika kwenye kizingiti chake.

Nitakupa mfano niliouona kwa macho yangu.

Katika koo za Uluguru, kama wengi mnavyojua, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Tena katika ukoo mmoja utakuta Wakatoliki na Waislamu wamekaa pamoja kama mahindi na maharage katika shamba moja. Miaka kadhaa iliyopita alifariki bibi mmoja hapa Kihonda. Alikuwa Mkatoliki tangu utoto wake mlimani. Watoto wake wengine walikuwa Wakatoliki, na wengine walifuata dini ya baba yao, wakawa Waislamu. Mwana mmoja akasema mama azikwe Kiislamu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwuguza mwishoni. Ndugu yake akasema haiwezekani. Maneno yakawa makali. Wakatukanana dini mbele ya maiti. Saa saba mchana kaburi lilikuwa halijachimbwa, na watu walianza kujipanga pande mbili, kila upande na watu wa dini yake. Mimi nilikuwa pale kama mwalimu wa dini, nami nasema kweli, niliogopa. Nilijua kwamba neno moja tu zaidi, na ukoo ule usingekula tena katika chungu kimoja.

Akainuka mjomba, ndugu wa tumbo moja na marehemu. Naye alikuwa Mwislamu, mzee wa kofia nyeupe. Wengi tulifikiri atamwunga mkono mpwa wake Mwislamu. Akauliza swali moja: "Nani kati yenu aliwahi kumwona dada yangu akilala bila rozari yake?" Kimya. Akauliza mara ya pili. Kimya. Akasema, "Basi maneno yamekwisha. Maiti hasemi, lakini maisha yake yamesema. Dada yangu aliishi na rozari, atazikwa na rozari. Mimi ndugu yake nitasimama pale, nami Mungu wangu hatanikasirikia kwa kutimiza haki ya maiti."

Watu wakapumua. Lakini kazi haikuisha, maana wale ndugu wawili walikuwa hawatazamani. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, mtani wa ukoo akarukia ndani, akaketi chini, akasema hatoki. Wanaojua mila zetu wanaelewa: mtani msibani ana ruhusa ya kusema ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Kawaida hudai kuku au fedha kidogo, watu hucheka katikati ya machozi, naye hutoka. Safari hii alikataa fedha. Alipaza sauti, "Fedha zenu nimezichoka. Nataka hawa madume wawili wapeane mikono hapa juu yangu. Bila hivyo nizikeni mimi, na bibi arudi nyumbani!" Watu wakaangua kicheko. Wale wawili wakajikaza, wakashindwa, wakacheka nao, kisha wakalia, kisha wakapeana mikono. Mtani akatoka akijikung'uta udongo.

Nikaongoza sala ya maziko. Wakatoliki tulisali kwa sauti. Waislamu walisimama nyuma yetu kwa adabu, viganja wazi. Hakuna aliyechanganya sala na mwenzake, na hakuna aliyemdharau mwenzake. Nami nikajiuliza: leo nani amefundisha katekisimu hapa? Mwislamu ametufundisha kutenda haki hata pale ambapo dini yake isingepata faida. Mtani, kwa desturi ya wazee wasiojua kusoma, ametufundisha upatanisho kabla ya sala. Na bibi mwenyewe, kwa rozari yake ya kila usiku, alikuwa ameandika wosia ambao hata mahakama isingeubatilisha.

Hapa ndipo nataka usimame nami kidogo, msomaji. Unaona nini kingalitokea kama mzee yule angekuwa mtu wa kudharau? Hatuhitaji kubuni. Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili juu ya kitabu kitakatifu cha Waislamu, ambacho mmoja wao alikivunjia heshima, uliwaka mpaka makanisa yakavamiwa na kuchomwa. Februari 2013, huko Buseresere katika Mkoa wa Geita, ugomvi juu ya nani achinje nyama ulimwaga damu, na mchungaji mmoja akauawa. Watoto wawili! Kitoweo! Moto mkubwa hauhitaji kuni nyingi mahali ambapo nyasi za dharau zimekwisha kukauka. Nyasi hizo huoteshwa wapi? Huoteshwa mezani kwetu, baba anapowaambia watoto kwamba watu wa upande ule ni wajinga, au mama anapokicheka chakula cha jirani.

Labda utasema, "Basi mwalimu, ni afadhali tuseme dini zote ni sawa, yaishe." Hapana. Sisemi hivyo, na mjomba yule hakusema hivyo. Asemaye dini zote ni sawa mara nyingi hashiki hata moja. Sisi twakiri kwamba Kristo ndiye Njia, wala hatuwezi kumficha mfukoni ili tupendwe. Lakini anayempenda Kristo hutambua harufu ya mkate wa Baba yake hata ukiokwa katika tanuri la jirani.

Mtazame Mwalimu Nyerere. Alikuwa Mkatoliki wa Misa ya kila siku. Utungo wa utenzi, wenye mizani na vina, umekuzwa na washairi Waislamu wa pwani. Hati ya Utendi wa Tambuka, ambayo ni kati ya hati za kale kabisa za Kiswahili tulizo nazo, ni ya mwaka 1728, nayo yasimulia vita vya Waislamu. Mwalimu aliuchukua utungo huo, akaimba ndani yake Enjili zote nne na Matendo ya Mitume, na tenzi zake zikatolewa mwaka 1996. Hakusema, "Chombo hiki ni cha Waislamu, hakinifai." Alikiosha, akakijaza maji yake mwenyewe.

Na ukipata nafasi ya kufika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, utaliona jengo la wodi liitwalo Sewahaji. Ni jina la Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo, Mwismaili wa asili ya Uhindi, aliyefariki mwaka 1897. Mali yake ilisaidia kuanzisha hospitali ya Dar es Salaam, na huko Bagamoyo alitoa shule kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokewe. Zaidi ya miaka mia imepita. Ni Wakatoliki wangapi, watoto wa vijiji vyetu, wamelala katika kitanda chini ya jina lake? Mgonjwa haulizi shuka hili limetoka dini gani. Yule aliyemtunza mwenzake katika mfano wa Msamaria naye hakuwa wa dini iliyopendwa na wasikilizaji, na Bwana wetu alimchagua yeye makusudi ili awe mwalimu wao.

Basi, ili tusipotee njiani, nakupa vipimo vitatu nilivyowapa wanajumuiya wetu.

Kipimo cha kwanza: lile ninalojifunza kwa jirani lanirudisha kwenye sala yangu, au laniondoa? Saumu ya Mwislamu ikinifanya nifunge Kwaresima vizuri, ni njema. Hirizi ya mganga ikinifanya niiache rozari, niitupe mbali.

Kipimo cha pili: laniletea amani, au hofu? Hekima itokayo kwa Mungu hunyoosha moyo. Ramli humwacha mtu akimtazama shangazi yake kwa jicho la wasiwasi.

Kipimo cha tatu: lanifanya niwapende watu zaidi, au niwaone duni? Hata nikijua vitabu vyote, kama moyo wangu umezidi kuwa mgumu kwa jirani, sijajifunza kitu.

Na kwa kuwa maneno matupu hayajazi ghala, nakupa kazi ndogo ya juma hili, wewe na watu wa nyumba yako. Jioni moja, baada ya chakula, kila mtu, hata mtoto mdogo, ataje jambo moja jema aliloliona kwa jirani wa dini nyingine. Msicheke jibu la yeyote. Kisha baba au mama aulize, "Na sisi, katika imani yetu, tunalo jambo la kufanana na hilo? Nasi twalifanyaje?" Mtashangaa mtakavyogundua hazina zilizolala nyumbani. Mkimaliza, mwombeeni jirani huyo kwa jina lake. Na kesho yake mtoto mmoja apeleke kwake salamu, au mchicha, au embe za Matombo kama mmebahatika kupata. Usipeleke mahubiri. Peleka embe.

Ukiona ndugu wa ukoo wako hawasemezani kwa sababu ya dini, usingoje kaburi lichimbwe ndipo atafutwe mtani wa kuruka ndani. Nenda leo. Chukua kigoda, uketi, useme. Kama wewe ndiwe mjomba, au shangazi, au kaka mkubwa, Mungu amekupa sauti hiyo kwa kazi hii, wala si kwa ajili ya kugawa mahari tu.

Mwenyezi Mungu awajalie amani nyumbani mwenu. Nasi hapa Kihonda tuombeeni.

Ni mimi mwalimu wenu wa dini,
Kihonda, Morogoro.